Fundi wa Buyenzi na herufi mbili za kofia ya chuma

UKITAKA kujua nguvu ya alama ndogo, usianze na bendera. Anza na cherehani. Ingia kwa fundi yeyote wa nguo hapa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa jiji la Bujumbura, na hutakosa kuona cherehani cheusi cha miguu kilichomzidi umri anayekitumia. Chuma kimechakaa, mkanda umeungwa kwa kamba, lakini maua ya rangi ya dhahabu na jina la Singer bado yanasomeka. Maua yale hayakuchorwa kwa mkono. Yalichapwa kwenye karatasi, yakalowekwa, yakateleza juu ya chuma, kisha yakafunikwa kwa vanishi. Vikombe vingi vya chai vyenye mawaridi navyo vimepita njia hiyo hiyo, na hata vibandiko ambavyo watoto hujibandika mkononi kwa mate baada ya kununua chingamu ni ndugu zake.

Kazi hiyo ya kibandiko cha maji ndiyo iliyonipeleka Buyenzi mara nne, ila safari hii haikuwa juu ya cherehani wala kikombe. Ilikuwa juu ya kofia za chuma za askari. Au tuseme ukweli: kofia za faiba zilizotengenezwa zifanane na za chuma.

Kikundi kimoja cha vijana waigizaji, ambacho kimeniomba nisikitaje kabla ya kukamilisha vibali vyake, kinaandaa mchezo wa jukwaani kuhusu miaka ya 2003 hadi 2006, wakati wanajeshi wa nchi nyingine walipokuwa wakilinda amani nchini Burundi. Kuna onyesho moja ambalo mchezo mzima umeliegemea. Askari amesimama kwenye kizuizi amevaa kofia ya kijani yenye herufi UA, yaani Umoja wa Afrika. Mama mmoja anamwuliza: "Usiku utakuwepo?" Askari hajibu. Anaivua ile kofia mbele ya watazamaji, anavaa ya buluu yenye herufi UN. Mama anarudia swali lile lile, kwa sauti ile ile.

Kwa hiyo vijana walihitaji kofia mbili ambazo mtu aliyekaa safu ya nyuma atazitambua bila kuambiwa. Hapo ndipo fundi alipoingia.

Kazi yenyewe

Fundi huyu si mtengeneza kofia. Kazi yake ya kila siku ni kuziba bampa za magari kwa faiba na gundi yake, kazi ambayo Buyenzi inajulikana kwayo kutokana na gereji zilizojaa kila barabara. Alichukua kofia kuukuu kuwa kalibu, akaipaka nta, akatandaza tabaka za faiba, na baada ya siku mbili alikuwa na maganda mawili mepesi. Kwa mbali ungeapa ni chuma. Ukiligonga kwa ukucha linatoa sauti ya beseni la plastiki.

"Kupaka rangi ni kazi ya mtoto, bwana mwandishi," aliniambia nilipofika. "Herufi ndizo zitakazonitoa jasho."

Nilimwuliza kwa nini asichore kwa brashi, au asitumie stika za kawaida kama zile za kwenye pikipiki. Akanionyesha pikipiki iliyokuwa mlangoni. Stika yake ilikuwa imenyanyuka pembeni na kushika vumbi, na unene wake ulionekana wazi. "Hii imekaa juu ya rangi," alisema. "Ile ya maji inakaa ndani ya rangi." Maelezo yake yalikuwa sahihi. Kibandiko cha maji ni utando mwembamba sana, mwembamba kuliko karatasi ya sigara, unaoshikwa kwenye karatasi yake na gundi inayolegea ikilowa. Utando ukishahamia kwenye kofia na kufunikwa kwa vanishi, kidole hakiuhisi, na jicho linaona kama kwamba kofia ilizaliwa nayo.

Karatasi zake si za kununua katika kila duka la vifaa vya ofisi. Kijana mmoja wa kikundi alimwagiza jamaa aliyekuwa akija kutoka Nairobi. Zilikuja za aina mbili: zenye utando unaoona upande wa pili, na zenye utando mweupe. Tofauti hiyo ndiyo iliyookoa kazi. Printa za kawaida hazina wino mweupe. Ukiiambia ichape herufi nyeupe, inaacha tu mahali pasipo na wino, na ukibandika utando unaoona juu ya kofia ya buluu, herufi zako zitakuwa buluu pia. Fundi hakuchapa chochote kwa kofia ya Umoja wa Mataifa. Alichora herufi mbili kwa penseli kwenye karatasi yenye utando mweupe, akazikata kwa wembe mpya huku akishikilia rula ya chuma.

Herufi za kofia ya kijani zilichapwa kwa printa ya wino. Hapo kuna mtego unaowashinda wengi, kwa sababu wino wa printa hizo huyeyuka ukigusana na maji. Kabla ya kuloweka, karatasi lazima ipuliziwe laka isiyo na rangi, mara tatu, kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka iachwe ikauke. Ukipuliza tabaka moja nene kwa haraka, wino unatambaa na herufi zinaota ndevu.

Baadaye nilikaa kando nikamtazama akibandika. Aliianza kazi saa moja asubuhi, kabla magari hayajaamsha vumbi la barabarani, maana wakati wa kiangazi chembe moja tu ya vumbi chini ya utando huonekana kama chunusi. Kofia ilikuwa imeshapakwa buluu na juu yake vanishi inayong'aa. Nilishangaa, kwani kofia za askari hazing'ai. Akanieleza kwamba rangi kavu isiyong'aa ina vijishimo ambavyo macho hayavioni. Utando ukikaa juu ya vijishimo hivyo unanasa hewa, na baada ya kukauka unaota ukungu wa rangi ya fedha. Kwa hiyo kwanza unang'arisha, unabandika, halafu mwisho unapuliza vanishi ya kuua mng'ao.

Alitia herufi ya kwanza kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Akahesabu kimoyomoyo, kama nusu dakika, akaitoa na kuiweka juu ya kitambaa. Hakuivuta. "Ukilazimisha inachanika," alisema. "Iache ijifungue yenyewe." Baada ya muda aliisukuma kidogo kwa kidole, ikasogea. Alilowesha mahali pake kwenye kofia, akaisogeza karatasi hadi hapo, na herufi ikateleza kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kofia.

Shida ya kofia ni umbo lake. Utando umetengenezwa bapa, na kofia ni duara upande wa juu, na upande wa pembeni pia. Kingo za herufi zilijikunja. Fundi alichovya brashi laini kwenye maji yaliyochanganywa na siki kidogo, akapaka. Siki inalainisha utando ukatii umbo. Pale uliposhindikana kabisa alikata mkato mdogo kwa wembe, mfupi kuliko punje ya mchele, kingo mbili zikapandana. Kisha akasukuma maji na hewa kutoka katikati kwenda nje kwa kitambaa cha pamba. Akaiacha kofia hadi kesho yake.

Alama ya kichwani ilianzia wapi

Nikiwa nasubiri ikauke, nilirudi kwenye vitabu. Askari Waafrika waliotumikia Wajerumani, walioishika Usumbura, kama jiji hili lilivyoitwa zamani, hadi Wabelgiji walipoingia Juni 1916, hawakuvaa kofia za chuma. Walivaa tarbushi ya khaki yenye tai wa madini mbele. Kofia ya chuma ililetwa na mahandaki ya Ulaya mwaka 1915, Wafaransa wakitangulia na Waingereza wakifuata, na Wajerumani wakaja na yao mwaka 1916.

Ni Wajerumani pia walioitumia sana kazi hii ya vibandiko vya maji vitani. Kofia zao za mwaka 1935 zilitoka na vibandiko viwili, ngao yenye rangi za taifa upande mmoja na tai upande wa pili. Vita ilipoanza, majigambo hayo yakageuka hasara, kwani alama inayong'aa kichwani ni shabaha. Mwaka 1940 amri ilitolewa kuondoa ngao ya rangi za taifa, na mwaka 1943 tai naye akafuata. Leo kofia ya zama hizo yenye vibandiko vyake halisi huuzwa kwa bei kubwa kuliko isiyo navyo, na ndiyo maana Ulaya na Marekani kuna watu wanaotengeneza vibandiko vya kuiga. Wapo wanaovitengeneza kwa maigizo na makumbusho, na wapo wanaovitengeneza kwa wizi.

Kofia ya buluu ina kisa cha kinyume. Mwaka 1956, baada ya vita vya Mfereji wa Suez, Umoja wa Mataifa chini ya Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld ulituma Misri jeshi lake la kwanza la kulinda amani. Misri iliwakataa askari wa miguu wa Kanada, moja ya sababu ikiwa kwamba sare zao zilifanana na za Waingereza ambao walikuwa wametoka tu kuipiga nchi hiyo. Ilibidi kupatikana kitu cha kumtofautisha mlinzi na mvamizi hata kwa mbali. Bereti za buluu zisingeshonwa kwa wakati. Zikachukuliwa kofia za ndani za plastiki za jeshi la Marekani zilizokuwa Ulaya, zikapuliziwa rangi ya buluu. Hivyo alama inayojulikana dunia nzima ilizaliwa kwa haraka, kwa rangi ya kupuliza, juu ya plastiki. Nilipomsimulia fundi alicheka hadi akaweka brashi chini. "Basi na mimi siko mbali nao," alisema.

Kwa hiyo Mjerumani aliiondoa alama ili asionekane, na Umoja wa Mataifa ukaiweka ili mtu wake aonekane. Mlinda amani hajifichi. Kinga yake ya kwanza ni kutambulika.

Jana kijani, leo buluu

Hapa Bujumbura jambo hili si la vitabuni. Mkataba wa Amani wa Arusha ulitiwa saini Agosti 28, 2000, na mwaka 2001 askari wa Afrika Kusini walianza kuja kuwalinda viongozi waliokuwa wakirejea nyumbani. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ukaunda jeshi la AMIB, kikosi cha kwanza cha aina yake kwa umoja huo, chenye askari wa Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji. Mei 21, 2004 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1545 la kuunda ONUB, na Juni 1 mwaka huo kazi ikaanza. Askari wa AMIB hawakurudi kwao. Waliamka wakiwa wa Umoja wa Mataifa.

Mzee mmoja wa hapa Buyenzi, aliyekuwa akiwapikia askari wa Afrika Kusini, anaikumbuka siku hiyo. Vijana wa mchezo walimwita awe shahidi wao.

"Mwanangu, watu waliuliza kama wamekuja wageni wapya," aliniambia. "Nikawaambia hapana, ni wale wale. Yule asiyependa pilipili bado hapendi pilipili. Kilichobadilika kiko kichwani."

Lakini si rangi peke yake iliyobadilika. Azimio lile liliiruhusu ONUB kuwa na wanajeshi hadi 5,650, na kutumia nguvu zinazohitajika, pamoja na mambo mengine, kuwalinda raia walio katika hatari ya karibu ya kushambuliwa, kwa kadiri ya uwezo wake na mahali ilipo. Hizo ndizo ahadi zilizobebwa na herufi mbili nyeupe.

Miezi miwili na nusu baadaye, usiku wa Agosti 13, 2004, kambi ya wakimbizi wa Kikongo ya Gatumba, karibu na mpaka na si mbali na jiji hili, ilivamiwa. Watu zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao Wanyamulenge, wanawake na watoto wakiwa wengi. Kundi la FNL lilitangaza kwamba ndilo lililofanya. Kofia za buluu zilikuwa mjini. Usiku ule hazikuwa Gatumba.

Hiyo ndiyo sababu mama wa kwenye mchezo anauliza mara mbili. Binti anayeigiza nafasi hiyo hakuwa amezaliwa wakati ule. Alikuja karakana kuziona kofia, akaishika ya buluu ikiwa bado haijakauka vizuri, fundi akamkemea, "Taratibu binti yangu." Akairudisha, akasema polepole kwamba kumbe ni nyepesi hivi.

ONUB ilifunga kazi Desemba 31, 2006. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2007, Burundi yenyewe ikaanza kupeleka askari wake Somalia chini ya Umoja wa Afrika, na tangu 2014 wako wengine waliovaa kofia za buluu katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Nchi iliyolindwa ikawa nchi inayolinda. Zipo nyumba hapa mjini ambazo kofia yenye herufi iliondoka na haikurudi na mwenyewe. Kwa watu hao, hili si pambo la jukwaani.

Kofia ya kuigiza barabarani

Sasa tuje kwenye jambo lililowagawa vijana wenyewe. Herufi zilipokauka na vanishi ya mwisho ikasubiri, mzee yule aliuliza swali moja: "Mtazipitisha wapi?"

Swali lake lina uzito. Alama ya Umoja wa Mataifa si mali ya kila mtu. Azimio la Baraza Kuu namba 92 la Desemba 7, 1946 lilizitaka nchi wanachama kuzuia matumizi ya nembo, jina na kifupi chake bila idhini. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva inakataza kuitumia nembo hiyo vitani bila ruhusa, na kujifanya mlinda amani ili umdhuru adui ni hiana ambayo sheria za vita zimeipiga marufuku. Sababu iko wazi. Siku moja mtu mbaya akitumia kofia ya buluu, kesho yake kila kofia ya buluu itatiliwa shaka, na mlinda amani wa kweli atapigwa risasi.

Jukwaa si vita, na hakuna anayedhani vijana hawa wana nia mbaya. Hata hivyo mtu aliye kizuizini saa mbili usiku hajui kwamba wewe ni mwigizaji. Anaona kofia ya askari kwenye begi. Katika nchi iliyopitia tuliyoyapitia, hilo linatosha kumlaza mtu ndani, au zaidi ya hapo.

Wapo waliosema herufi zifutwe, kofia zibaki buluu na kijani tupu, watazamaji wataelewa. Wapo waliosema bila herufi mchezo umekufa, kwa sababu swali la mama linaulizwa kwa herufi zile, si kwa rangi. Binti mwenye nafasi ya mama alikuwa upande huu wa pili. "Tukizifuta," alisema, "nitakuwa namwuliza nani?"

Waliketi karakana hadi magharibi. Mwisho waliafikiana mambo manne, na nayaandika hapa kwa faida ya vikundi vingine. Kwanza, nembo yenye ramani na matawi ya mzeituni haitawekwa kabisa. Zitabaki herufi tu, na barua ya kuomba ridhaa ipelekwe panapohusika kabla ya onyesho la kwanza. Pili, uongozi wa zoni na wa ukumbi ujulishwe kwa maandishi, na nakala isafiri pamoja na kofia. Tatu, ndani ya kila ganda fundi apake rangi ya chungwa na kuandika MCHEZO kwa herufi kubwa, ili ukiigeuza tu ujue. Nne, na hili ndilo lililonifurahisha zaidi, vanishi ya mwisho isipulizwe juu ya herufi.

Kibandiko kisichofunikwa kwa vanishi kinakaa vizuri kama hakiguswi, lakini ukikibandikia selotepu na kuivuta, kinatoka. Baada ya kila onyesho herufi zitavuliwa, na kofia itasafiri ikiwa ganda tupu la rangi. Kabla ya onyesho linalofuata, fundi au mmoja wa vijana aliowafundisha atakata herufi nyingine na kuziloweka upya.

Nilimwambia fundi kwamba hiyo ni kazi ya kurudiarudia, na kwamba kila usiku atapoteza kibandiko kizuri alichokikata kwa nusu saa nzima. Hakuona tatizo. Alisema ya cherehani hudumu miaka mia kwa sababu cherehani hakina ahadi nyingine zaidi ya kushona. Herufi za kichwani mwa askari, kwa maoni yake, zinafaa kubandikwa upya kila siku.

Mzee alikuwa ameshasimama aende kuswali. Alitikisa kichwa kukubali, akaomba aonyeshwe tena jinsi herufi inavyoteleza kutoka kwenye karatasi.